Naomba ushauri: namba za simu za miaka ya themanini ninazo, namba ya siri ya jana imepotea

MamaMitambo:
Wanajamvi habari za jioni. Vijana, shikamoo zenu nazipokea mapema ili tusipoteze muda.

Nina miaka 69, naishi Magomeni. Niliingia Posta na Simu mwishoni mwa miaka ya sabini, kitengo cha kuunganisha simu, na nikastaafu 2016, mwaka ambao mabasi ya mwendokasi yalianza kazi. Enzi zetu ukitaka kuongea na Mwanza unatupigia sisi, tunakuunganisha. Namba za Dar zilikuwa za tarakimu tano, na za wateja wakubwa tulikuwa nazo kichwani, kitabu hatugusi. Nyingi ninazo mpaka leo. Wenyewe wameshazikwa, namba zao zimebaki kichwani mwangu kama wapangaji wasiolipa kodi.

Sasa namba yangu ya siri inanipotea nikiwa mbele ya wakala wa pesa za simu, huku waliopo nyuma wananikoholea. Wajukuu nataja majina ya watatu ndipo nimpate ninayemtaka, ila hilo hata marehemu mama alikuwa nalo, halinisumbui. Lililonitisha ni la Kariakoo. Nimetoka duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, nikashindwa kujua barabara ya Msimbazi iko upande gani. Mimi! Nilisimama mpaka kijana wa mzigo akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Mwanangu wa pili anataka laini yangu akae nayo yeye, na nisitoke peke yangu. Namwamini, lakini moyo unagoma. Huu ni uzee au maradhi? Na laini niitoe?

Kibao Kata:
Shikamoo bi mkubwa. Kariakoo hata sisi vijana tunapotea. Tangu soko liungue 2021 na maghorofa kuota kila kona, alama za zamani hazipo. Usijipe presha.

Mstaafu Temeke:
Kibao Kata, usimbembeleze mwenzio. Mimi mke wangu tulisema hivyo hivyo, "ah, mji umebadilika". Kusahau ulipoweka ufunguo ni uzee wetu sisi wote. Kuushika ufunguo usijue ni wa kazi gani, hapo ni jambo jingine. Dada, njia ulikumbuka mwenyewe au ulielekezwa?

MamaMitambo:
Nilikumbuka mwenyewe, nikapanda basi mpaka kituo changu cha Mapipa, Magomeni, bila kupitiliza. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mimi nina sukari.

Shamba la Bibi:
Habasoda na asali kila alfajiri, mama. Ubongo unarudi kama wa mtoto. Njoo inbox.

Nesi wa Zamu:
Wewe wa inbox tuache kwanza, asali unampa mgonjwa wa sukari?
Mama, shikamoo. Unatumia dawa gani, na kwa muda gani? Taja hata zile za duka la dawa.

MamaMitambo:
Marahaba mwanangu. Metformin ya sukari, miaka mingi sasa. Za presha. Na piriton, ile ya mafua na mzio, usiku, naipenda kwa kuwa inaniletea usingizi.

Nesi wa Zamu:
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Metformin ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikipungua kumbukumbu huyumba, miguu nayo hufa ganzi. Piriton kwa mtu wa umri wako huufanya ubongo uwe mzito hata kesho yake. Na sukari ikishuka, mtu yeyote anapotea, hata nyumbani kwake. Sisemi ndiyo sababu, nasema yapimwe kabla hujapewa jina la ugonjwa. Metformin usiiache kwa kichwa chako. Piriton ya usingizi mwambie daktari, atakwambia ufanyeje.
Beba vidonge vyote kwenye mfuko uende navyo hospitali. Omba wapime B12, tezi ya shingo, na masikio pia, maana asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu. Watakupa maneno matatu uyarudie baadaye, na watakwambia uchore saa. Na nenda na mtu anayeishi nawe, kuna mambo yeye anayaona wewe huyaoni.

Mstaafu Temeke:
Laini usiitoe leo. Ila weka kiasi kidogo humo, nyingine iwe benki, na mwanao ajue ziko wapi. Mke wangu tulichelewa hilo, tukaja kuhangaika naye akiwa hawezi tena kusema.

MamaMitambo:
Pole sana kaka yangu. Hilo nalichukua. Mwanangu nimeshamwambia laini ibaki kwangu mpaka majibu yatoke, na yeye ndiye atanipeleka. Amenuna kidogo, atakula tu.
Nesi, hiyo saa inanipa wasiwasi. Wakisema nichore saa nne, mshale mfupi nauweka kwenye kumi kama saa zetu zote za ukutani. Nikikutana na daktari mgeni si ataniandika nimeshaharibika?

Nesi wa Zamu:
Hahaha! Mwulize kwanza ni saa nne ya kwetu au ya kwake. Na kama wanatoa damu asubuhi, uliza kabla kama unatakiwa kufunga, usije ukatoka Magomeni na njaa tena.