Nchi njema ianze kuchorwa au kusimuliwa?

Mwalimu, Nyamagana
Wanajukwaa, salaam. Ninaongoza klabu ya fasihi ya sekondari hapa Mwanza, na muhula huu tunasoma habari za nchi za kufikirika. Kitabu cha Thomas More cha mwaka 1516, Utopia, kilitoka pamoja na mchoro wa kisiwa chake chenye miji 54, ilhali Kusadikika ya Shaaban Robert iko angani, mahali pasipochoreka kwa urahisi. Wanafunzi wanataka kubuni nchi yao, na wengi wameshaiweka kisiwani, humu ziwani. Je, waanze na ramani, au kwanza waandike namna watu wa huko wanavyoishi?

Msomaji wa Igoma
Mwalimu, waanze na watu. Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika, anaposhtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mawazo mema na kuishia kifungoni. Hapo ndipo tunapoijua Kusadikika, kwa jinsi inavyompokea mwenye fikra mpya. Hata kisiwa cha More kina watumwa wanaofungwa minyororo ya dhahabu, na ramani yake haiwaonyeshi.

Mzaliwa wa Ukerewe
Naheshimu hoja hiyo, lakini ramani isiachwe, kwa sababu nayo hufichua matamanio ya mchoraji. Katikati ya miaka ya 1850, wamisionari Erhardt na Rebmann, wakitegemea masimulizi waliyoyapata pwani, walichora ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi hizi, hata kabla mpelelezi Mwingereza Speke hajafika Mwanza mwaka 1858. Wakati huo wote wazee wetu walikuwa wakivua na kulima papa hapa. Hata Utopus, mwanzilishi wa nchi ya More, aliiteka kwanza nchi yenye wenyewe, ndipo akawachimbisha wenyeji hao pamoja na askari wake mfereji wa kuitenga na bara. Kwa hiyo, Mwalimu, kila atakayechora kisiwa aulizwe ni nani aliyekuwa akiishi pale kabla ya nchi yake njema kuanzishwa. Someni pia riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, muone kisiwa kinavyoandikwa na mwenyeji anayejua hata taratibu za posa na ugomvi wa wakwe.

Mchoraji, Kirumba
Ndugu zangu, picha inaweza kubeba yote mawili. Huko Siena, Italia, Ambrogio Lorenzetti alichora ukutani, mwaka 1338 hadi 1339, mji wenye utawala mwema: mafundi wako juu ya jengo, watu wanacheza ngoma barabarani, wakulima wanaingia langoni na mizigo yao. Utawala mbaya aliupa ukuta mwingine wa chumba hichohicho, na wakubwa wa mji walikutana humo. Wanafunzi wachore mwalo wa Kirumba mara mbili kwa mtindo huo, na katika kila picha ionekane wazi ni nani anayeshika mizani ya dagaa.

Mwalimu, Nyamagana
Nashukuru sana. Tutaanza na mwalo, na swali la wenyeji nitaliandika ubaoni kabla hawajashika penseli. Mchoraji, kama una nafasi, karibu shuleni uwaonyeshe namna ya kuugawa ukuta.