Jioni Tatu za Wageni wa Muscat: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Mjomba (Muscat), saa 1:40 usiku
Baba Mdogo wa Ilala, shikamoo. Dada wa Magomeni, shikamoo. Na ninyi watoto, nawasalimu nyote. Tiketi zimekwisha kukatwa: tutatua Dar es Salaam Alhamisi asubuhi, na Jumapili tutavuka kwa boti kwenda Unguja. Mchana tutakuwa na kazi ya kuzuru makaburi na kuwaona jamaa, kwa hiyo tulizonazo wazi ni jioni tatu tu. Tutakuwa watano: mimi, mwenzangu, mama mkwe wangu ambaye ametimiza miaka 72, na vijana wetu wawili. Tunaomba mtupangie namna ya kuzitumia.

Binamu (Muscat), saa 1:46 usiku
Shikamooni wakubwa. Mimi na mdogo wangu tumeona picha nyingi za Masaki mtandaoni, na kwa maoni yetu jioni zote tatu zingefaa ziwe huko huko ufukweni.

Babu (Ilala), saa 1:58 usiku
Marahaba, wanangu. Namshukuru kijana kwa kuandika sentensi kamili, maana katika kikundi hiki nimekwisha kukataza maneno yaliyokatwa mikia. Lakini kukaa Masaki jioni tatu mfululizo ni sawa na kualikwa karamu ukaishia kunawa mikono. Utakula vizuri, utapigwa upepo, kisha utarudi kwenu bila kuusikia mji unavyoimba.

Mama Mkubwa (Magomeni), saa 2:05 usiku
Marahaba, mdogo wangu. Masaki tutawapeleka jioni moja, na hata hiyo iwe kwa mpango. Vijana wengi huja na fikra ya kulitazama jua likizama wakiwa Coco Beach, jambo ambalo haliwezekani, kwa sababu ufukwe ule umeelekea mashariki na jua huzama nyuma ya migongo yao. Kwa ajili ya machweo nendeni Slipway, upande wa pili wa rasi, ambako jua hutua juu ya maji ya ghuba ya Msasani na ngalawa za wavuvi zikiwa zimetia nanga mbele yenu. Muwe mmekwisha kuketi ifikapo saa 12 jioni, kwani huku kwetu kiza hakibishi hodi. Mkishasali magharibi ndipo mhamie Coco mkale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju, pamoja na mishikaki.

Kaka (Tabata), saa 2:11 usiku
Naongezea jambo la njia. Siku hiyo iwe Alhamisi au Ijumaa, si Jumamosi, kwa kuwa mwisho wa juma magari ya kuelekea Oysterbay hutambaa. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limepunguza adha ya foleni kwenye daraja la zamani la Selander, lakini halikuiondoa. Msichukue gari lolote linalowasubiri nje ya hoteli; mtaagiza kwa programu ya simu au nitakuja mwenyewe. Mwaka juzi niliwapeleka wageni katika mgahawa mmoja wa ufukweni, ambao siutaji jina, tukaletewa hesabu yenye malipo ya huduma ambayo hayakuandikwa popote katika orodha ya vyakula. Tangu siku hiyo nauliza bei kabla sijavuta kiti.

Mkaza Mjomba (Muscat), saa 2:20 usiku
Shikamoo Baba, shikamoo wifi yangu. Kwa jioni ya kwanza naomba tusiende mbali, kwani Mama atakuwa amechoka na safari ya ndege. Je, pale mjini hakuna mahali pa kula na kutazama watu?

Mimi (Sinza), saa 2:24 usiku
Shikamoo mkaza mjomba. Pako, tena pa raha. Maduka ya katikati ya mji yakifungwa, meza hutandazwa kando ya barabara na moshi wa mkaa huanza kupanda. Mamboz, kwenye kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, watu hufuata kuku wa kuchoma, na ukikaa pale utasikia Kiswahili, Kigujarati na Kiarabu kwenye meza tatu zinazopakana. Bibi atajiona yuko nyumbani. Tahadhari yangu ni moja: upande wa Posta, ofisi zikishafungwa, mitaa huwa mitupu, kwa hiyo msitembee kwa miguu huku mmeshika simu mikononi; ingieni garini palepale mlipokula.

Babu (Ilala), saa 2:37 usiku
Hayo ya kula yamekwisha, sasa tuzungumze muziki. Mwanangu, wewe uliondoka hapa ukiwa mdogo, lakini hukosi kukumbuka kwamba nyumba yetu ilikuwa na vyama viwili, mama yako akiwa wa Msondo na mimi nikiwa wa Sikinde, na Jumapili hatukusemezana. Msondo ndiyo ile bendi ya NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na watu wakaibakizia jina la ngoma, Msondo. Sikinde ilizaliwa mwaka 1978 pale Mlimani Park, nayo pia ikajiita kwa jina la ngoma ya Kizaramo. Marehemu Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili, na alipohama upande mmoja ungedhani Simba imemchukua mfungaji wa Yanga. Nataka vijana hawa waende dansini Jumamosi. Tangazo litasema saa 2 usiku, lakini wasilitii. Saa hizo ni za kufunga nyaya na kuwapisha waimbaji chipukizi. Wafike saa 4. Tena waambieni wasiuhukumu wimbo kwa mwanzo wake, kwa sababu dansi letu huanza kwa upole, mashairi yakasimuliwa kama barua, halafu magitaa huingia kwenye chemko na hapo ndipo hata mwenye fimbo husimama.

Mkaza Mjomba (Muscat), saa 2:45 usiku
Baba, niwie radhi kwa kuuliza. Je, kumbi hizo si baa?

Babu (Ilala), saa 2:49 usiku
Sitakuficha, mwanangu. Nyingi ni baa zenye jukwaa, na asiyekunywa huagiza soda bila kuulizwa na mtu. Mimi nimekwenda huko miaka arobaini na chupa yangu ya tangawizi. Lakini si mahali pa mama yako.

Binamu (Muscat), saa 2:53 usiku
Babu, tutakwenda dansini kwa heshima yako, ila tulikuwa tumetamani singeli.

Mimi (Sinza), saa 2:59 usiku
Binamu, singeli haikuzaliwa ukumbini. Ni muziki wa Manzese, Tandale na Mburahati, mtoto wa mchiriku uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, na mwendo wake ni wa kasi kiasi kwamba mgeni hudhani kuna kitu kimeharibika kwenye spika. Mahali pake pa asili ni kigodoro, sherehe ya mtaani inayokesha hadi alfajiri, na huko sikupeleki, kwa sababu sherehe hizo hupigwa marufuku mara kwa mara na wenyeji wenyewe hawaingii bila mtu anayewafahamu. Utaisikia bila kuitafuta: ndani ya bajaji, Coco, na hata msibani nyumba ya tatu wakijisahau.

Babu (Ilala), saa 3:02 usiku
Msibani! Haya, endeleeni.

Mama Mkubwa (Magomeni), saa 3:10 usiku
Wifi yangu, usipate shida, kwani mimi nimekwisha kulifikiria la Mama. Wazo langu la kwanza lilikuwa taarabu ya ukumbini, lakini siku hizi taarabu ya kisasa nayo hupigwa katika kumbi zilezile anazozitaja Baba Mdogo. Bahati nzuri, Jumamosi hiyohiyo jirani yangu ana usiku wa hina wa binti yake hapa Magomeni, wanawake watupu, na nimekwisha kuomba ruhusa ya kuja na wageni wawili. Burudani kubwa za mji huu hazina kiingilio wala tangazo. Ni lazima uwe na jirani. Taarabu itapigwa, na kwa kuwa Mama ametoka katika watu wa Unguja, hakuna atakayemfundisha kumtunza mwimbaji kwa noti. Njooni na noti za 1,000 na za 2,000, mpya kama mtazipata, kwa sababu mwenye noti kubwa hutunza mara moja akakaa, na mwenye noti ndogo hucheza njia nzima hadi kwa mwimbaji, akageuka, akarudi tena.

Mjomba (Muscat), saa 3:18 usiku
Basi imekaa hivi: Alhamisi kuku wa mjini na kulala mapema, Ijumaa Slipway kisha Coco, na Jumamosi tutagawanyika, wanawake Magomeni, nasi tumfuate Baba Mdogo. Kaka wa Tabata atupitie saa 3 na nusu.

Kaka (Tabata), saa 3:21 usiku
Nitapita, Mjomba, lakini kama Simba au Yanga watakuwa na mechi ya usiku, mtanikuta kibanda umiza nikiitazama kwenye televisheni mpaka kipenga cha mwisho.

Mkaza Mjomba (Muscat), saa 3:30 usiku
Nimemsomea Mama yote haya. Amefurahi, na anauliza kama katika hina hiyo kutakuwa na fidla na ganuni, kama zile alizozisikia utotoni kwao.

Mama Mkubwa (Magomeni), saa 3:34 usiku
Mwambie ukweli, wifi: ni kinanda kimoja na spika mbili. Fidla akaitafute Unguja siku ya Jumapili, ambako vikundi vya zamani bado vinakaa na ala zao. Ikhwan Safaa imekuwapo tangu mwaka 1905.

Mkaza Mjomba (Muscat), saa 3:41 usiku
Amesema hapana neno, atakuja, na noti ameanza kuzihesabu. Anaomba tu kiti chake kiwe mbele, kisiwe karibu na spika.