Meloni zangu hazina utamu, nakosea wapi?

Wakuu habari, nimepanda meloni zile za ganda lenye wavu, ndani rangi ya chungwa, shamba liko Bagamoyo, zimezaa vizuri ila ukikata ladha kama tango, na maji namwagilia kila jioni bila kukosa. Shida nini?

— Pole mkuu, shida ni hayo maji. Wavu ukishajichora vizuri anza kupunguza, wiki ya mwisho mwagilia kidogo tu majani yasinyauke. Halafu sukuma kikonyo kwa dole gumba, likiiva linaachia lenyewe na kitako kinanukia.

— Nakazia. Majani yakiota unga mweupe wahi dawa, majani ndo yanatengeneza sukari. Ila usipige asubuhi, nyuki wako kwenye maua.

— Aisee, mi nilikuwa nakata na kisu bado mabichi! Asanteni sana.