Sinema za Ukoo: Alama za Jumamosi

JUMANNE

[19:42] Zuhura: Habari za jioni jamani. Wakubwa shikamooni. Jumamosi tunaweka filamu ukutani na mpaka sasa sina alama hata moja. Zilizobaki ni nne: Oppenheimer (2023), Godzilla Minus One (2023), Conclave (2024) na Flow (2024). Mliokwisha kuziona toeni alama. Itakayoshinda ndiyo tutaitazama wote.

[19:43] Zuhura: 1 mpaka 10, na sababu. Bila sababu sihesabu. Mwisho Alhamisi saa tatu usiku.

[19:51] Zuhura: Naona mmesoma watu tisa. Jibuni.

[19:58] Mjomba Saidi: Moshi mweusi, Papa hajapatikana 😂

[20:00] Mjomba Saidi: Conclave 8.

[20:01] Zuhura: Sababu, Mjomba.

[20:06] Mjomba Saidi: Makadinali wanamchagua Papa. Mtu achaguliwe lazima apate theluthi mbili, kwa hiyo kura inarudiwa na kurudiwa. Mikononi mwa mwongozaji mwingine ingechosha. Hapa kila duru kuna mgombea anaporomoka, na chanzo cha kuporomoka kwake ulishakiona mapema ukakipuuza. Sikilizeni pia pumzi za Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu, zimewekwa karibu kuliko muziki. Saa mbili zimepita sikuangalia simu. Nimekata 2 kwa sababu mwisho wote umetundikwa kwenye habari moja inayoletwa dakika za mwisho kabisa.

[20:07] Zuhura: Hivyo ndivyo. Mwingine?

[20:31] Mariamu: Oppenheimer 9. Ila mtu akiitazama anatakiwa ajue jambo moja kabla, la sivyo anapotea: nyeusi na nyeupe si zamani. Sehemu za rangi ni jinsi Oppenheimer mwenyewe, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, anavyoyaona mambo. Zile nyeusi na nyeupe ni upande wa Strauss, mpinzani wake. Ukilishika hilo, zile kurukaruka za miaka zinakaa sawa. Na lile jaribio la bomu: mwanga kwanza, kimya, halafu kishindo. Watu wanasema ni mbwembwe, wakati ndivyo ilivyo. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, aliye umbali wa kilomita 16 anasubiri sekunde 47 hivi.

[20:33] Mama Mkubwa: Mimi nimeipa 5. Sikusikia maneno. Wananong'ona, halafu muziki unapasua masikio. Saa tatu nzima mkono uko kwenye rimoti.

[20:40] Idi: Shikamoo Mama Mkubwa. Hilo linarekebishika, na halihusu uigizaji. Sauti ya filamu imegawanywa njia 6: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Maneno karibu yote yanapita katikati. TV ina spika mbili tu, haina ya katikati, kwa hiyo inayachanganya maneno na muziki na vishindo pamoja, yanazama. Nenda mipangilio ya sauti, badilisha kutoka 5.1 (ndizo hizo njia 6) iwe stereo (njia 2). Hiyo kwenye kifaa kinachocheza filamu, usiishie kwenye TV. Kisha washa hali ya usiku kama ipo, inapunguza vishindo na kuinua minong'ono.

[20:41] Idi: Lakini kwa Nolan, mwongozaji wake, usitegemee itaisha kabisa. Hapendi waigizaji warudie maneno studio, anatumia sauti iliyonaswa siku ile ya kupiga picha, upepo na yote.

[20:44] Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo nibadilishe alama?

[20:44] Zuhura: Ndiyo Mama Mkubwa, irudie ukiwa na sauti nzuri ndipo utoe. Ile 5 naiweka pembeni.

[20:46] Mjomba Saidi: Ya dada inawekwa pembeni. Yangu ile mbona ilihesabiwa?

[20:46] Zuhura: Mjomba tusianze.

[20:47] Mjomba Saidi: Nauliza tu.

[20:49] Zuhura: Haya, kwa kuwa umeuliza. Safari iliyopita Parasite, ile ya Kikorea, ilipata 9, 9, 8, 9 na 2 yako. Jumla 37, wastani 7.4. Ile nyingine ilipata 8, 8, 7, 8, 8, wastani 7.8, ikapita. Watu wanne kati ya watano walitaka Parasite, namba moja ikaiangusha. Na ile 2 haikuwa na sababu yoyote iliyoandikwa.

[20:50] Mariamu: Iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, na Oscar ya filamu bora ndani ya mwaka mmoja 😭

[20:52] Mjomba Saidi: Na Idi aliyetuuzia mwisho wake humu ndani kabla hatujafika nusu, yeye hatajwi?

[20:52] Idi: Ujumbe huu umefutwa

[20:53] Mjomba Saidi: Nimeusoma.

[20:55] Tatu: 😂😂😂

[20:55] Zuhura: Tatu, alama zako.

[21:20] Zuhura: Tatu?

JUMATANO

[07:15] Idi: Mjomba shikamoo. Ile faili yako ya Parasite nimeifungua jana usiku. Tatizo nimeliona. Maandishi ya chini yametengenezwa kwa filamu ya fremu 25 (picha moja moja) kwa sekunde, na filamu yenyewe inakwenda 23.976. Mwanzoni yanakaa vizuri, huwezi kugundua. Kila dakika yanatangulia kama sekunde mbili na nusu. Kufikia saa mbili yametangulia karibu dakika tano. Yaani ulikuwa unasoma majibu kabla ya maswali.

[07:22] Mjomba Saidi: Marahaba. Ndiyo maana nilimwona yule mama anacheka msibani.

[07:23] Mariamu: 😂😂😂😂

[07:24] Idi: Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea filamu, ukibonyeza G au H maandishi yanasogea milisekunde 50, mbele au nyuma. Hiyo inatibu yale yaliyopishana kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Yanayopishana zaidi kadiri filamu inavyokwenda hayatibiki hivyo, ukiyaweka sawa hapa yanaharibika kule mbele. Lazima faili ya maandishi ivutwe yote kwa programu ya kuhariri, unachagua kutoka 25 kwenda 23.976. Njia ya kupima kabla: tafuta sentensi ya kwanza ya filamu, kisha ya mwisho. Zote mbili zikilingana na midomo, katikati hakuna shida.

[07:30] Zuhura: Safi. Hii inahusu Jumamosi pia, Godzilla ni ya Kijapani. Alama jamani!

[12:48] Idi: Godzilla Minus One 9. Mwongozaji Takashi Yamazaki ndiye aliyesimamia pia athari za picha, yale yanayotengenezwa kwa kompyuta. Wasanii 35, shoti 610, wakachukua Oscar ya athari mbele ya filamu zenye pesa mara nyingi zaidi. Angalieni bahari: maji yanapommwagika Godzilla mgongoni yana uzito, yanachelewa kuanguka. Mnyama mkubwa akienda haraka anaonekana kitoto, hapa hawakukosea. Lakini kinachoibeba ni rubani aliyetakiwa kujilipua vitani akakwepa. Ukimtoa yule mnyama, bado una filamu. 1 nimekata kwa maigizo ya kelele kelele kwenye mazungumzo ya nyumbani.

[12:55] Mariamu: Nakubali yote isipokuwa kukata. 10.

[12:56] Zuhura: Mariamu, 10 ina maana hakuna shoti ungeiondoa.

[12:58] Mariamu: 9 basi. Zile ishara za kukunja uso zimezidi kidogo.

[13:40] Mama Nuru: Jamani, watoto watakuwepo. Godzilla inatisha?

[13:44] Idi: Dakika za mwanzo kabisa, kwenye kile kisiwa, ndizo kali. Damu si nyingi. Kinachotisha ni ukubwa na kishindo. Kwa chini ya miaka 10 ningesema hapana.

[13:46] Mama Nuru: Basi mimi nasimama na Flow. 9. Dakika 85, hakuna neno hata moja, mtoto na mzee wanatazama kitu kilekile. Paka, mafuriko, mashua, wanyama wasiopatana. Hawaongei kama watu, hawaimbi. Wanangu walikaa kimya tangu mwanzo.

[13:52] Mariamu: Na imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure kabisa, ikawapa Latvia Oscar yao ya kwanza. Manyoya yanaonekana kama brashi ya rangi, ukikaribia unaona hawakuhesabu unywele mmoja mmoja. Walichokihangaikia ni mwendo. Kamera haikatwi ovyo, inamfuata paka majini na kutoka majini kwenye shoti moja. Sauti ni za wanyama wa kweli. Isipokuwa yule capybara, mnyama kama panya mkubwa: wa kweli sauti yake haikufaa, wakatumia mtoto wa ngamia.

[13:53] Mjomba Saidi: Ngamia kwenye mashua 😂 Nani alimsafirisha?

[13:54] Mama Nuru: 😂😂

[13:54] Tatu: Ngamia ametoa alama ngapi

[13:55] Zuhura: TATU. Upo kumbe.

[13:56] Zuhura: Mama Nuru, jambo moja kwa wote: majina yakianza kupita mwishoni mwa Flow msizime. Kuna kipande kifupi baada yake, na kinabadilisha ulivyoelewa mwisho.

[14:10] Mama Mkubwa: Mbona filamu kwenye TV ya Saidi zote zinafanana na tamthilia? Hata ile ya paka niliiona kwake, ikanisumbua macho.

[14:19] Idi: Hiyo ni TV kujitungia picha, Mama Mkubwa. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. TV inabuni nyingine za kujaza katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira sawa, kwa filamu inaharibu, hasa Flow ambayo kamera haitulii. Ingieni mipangilio ya picha, chagueni hali ya sinema, kisha tafuteni kipengele cha kulainisha mwendo mkizime. Msiishie kwenye hali ya sinema peke yake, TV nyingine inakiacha kimewaka.

[14:21] Mjomba Saidi: Kumbe ninaishi na adui sebuleni.

ALHAMISI

[20:10] Zuhura: Saa moja imebaki. Mahesabu: Flow 9 moja. Godzilla 9 mbili. Oppenheimer 9 moja, ya Mama Mkubwa iko pembeni. Conclave 8 moja. Huwezi kuchagua kwa alama tano. Na msiniletee zile asilimia za mtandaoni. 98 ya Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, si 9.8. Maana yake wahakiki 98 kati ya 100 waliipenda kwa kiasi fulani, hata kama kila mmoja angetoa 6. Mimi nataka mliipenda kiasi gani.

[20:12] Zuhura: Na safari hii sitachukua wastani. Nazipanga alama kutoka ndogo hadi kubwa, nachukua ya katikati. Kwa hesabu hiyo Parasite ingekuwa 9 na mpinzani wake 8.

[20:15] Mjomba Saidi: Yaani kanuni imebadilishwa kwa ajili yangu. Mtu mmoja akiona tofauti na wenzake, kura yake inatupwa. Sawa.

[20:16] Zuhura: Haitupwi Mjomba, haipewi tu nguvu ya watu wanne.

[20:17] Mjomba Saidi: Sawa nimesema.

[20:38] Babu: Nimesoma yote tangu juzi. Katika picha ile ya mahakama, 12 Angry Men ya mwaka 1957, wazee wa baraza 12 wamefungiwa chumba kimoja. 11 wanasema kijana ana hatia. Mmoja anakataa. Hakuna aliyemtupa, maana alikaa akaeleza, jambo baada ya jambo. Saidi, namba yako ya mbili uliieleza?

[20:45] Mjomba Saidi: Shikamoo baba. Hapana.

[20:47] Babu: Marahaba. Basi irudie ile picha ukiwa na maandishi yaliyonyooka, uje useme. Mwenye sababu asikilizwe hata akiwa peke yake. Asiyeona hadi mwisho asitoe namba. Na Idi, anayesema mwisho kabla ya wenzake hachagui.

[20:48] Idi: Shikamoo Babu. Nimekuelewa.

[20:48] Babu: Marahaba.

[21:09] Mariamu: Babu, picha hiyo mwongozaji Sidney Lumet aliianza kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, lenzi pana. Kadiri inavyoendelea kamera inashuka na lenzi zinakuwa ndefu, ndiyo maana chumba kinaonekana kinawabana. Dakika 96.

[21:11] Babu: Nilihisi joto. Sikujua ni kamera.

[21:14] Zuhura: Asante Babu. Idi, 9 yako ya Godzilla naitoa. Godzilla ina 9 moja ya Mariamu. Kwa hiyo Flow, Godzilla na Oppenheimer zote zina moja moja.

[21:15] Mama Nuru: Watoto jamani.

[21:16] Zuhura: Pendekezo: Flow saa kumi na mbili, dakika 85, watoto wakalale. Godzilla saa mbili, dakika 125. Oppenheimer siiweki, ni dakika 180.

[21:17] Mariamu: Saa kumi na mbili bado kuna mwanga. Projekta itapauka, na Flow ina sehemu nyingi za giza chini ya maji.

[21:20] Idi: Kweli. Vuteni projekta karibu. Yetu inahitaji umbali mara 1.5 ya upana, mita 3 zinakupa picha ya mita 2. Mita 2 na robo zinakupa mita 1 na nusu, ndogo lakini inang'aa zaidi. Iwekwe mbele ya ukuta moja kwa moja, msiipinde halafu mnyooshe kwa menyu, menyu inakula ukali wa picha. Na flashi ipangwe kwa mfumo wa exFAT, ile ya FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4.

[21:22] Zuhura: Flashi iko kwa nani?

[21:30] Zuhura: Flashi?

[21:41] Mjomba Saidi: Naipakua Parasite upya. Nitaleta na sababu.

[21:43] Zuhura: Mjomba, Parasite haimo Jumamosi.

[21:44] Mama Mkubwa: Babu ndiye kasema airudie.

[21:52] Zuhura: Basi Flow ya kwanza. Ya pili kati ya Godzilla na Parasite nitaipokea mpaka kesho mchana, na maandishi ya zote mbili Idi ayapime, sentensi ya kwanza na ya mwisho.

IJUMAA

[06:30] Idi: Ya Godzilla yamepimwa, yako sawa. Ya Parasite nasubiri faili ya Mjomba.

[11:17] Tatu: Conclave 6. Sababu naandika jioni.