Acheni kuwagawia wanafunzi orodha za "maneno 100 ya kuelezea mtu" kwa Kiingereza, mnawaharibu!

Wadau, hili limepita kiasi. Kila anayefundisha Kiingereza siku hizi ana orodha yake: tabia, hisia, sura na umbo, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno moja kwa neno moja, yote yamepangwa kwa alfabeti. Mwanafunzi anakariri yote 100 na zoezi la kuoanisha anapata yote. Mwambie sasa amweleze mtu mmoja kwa sentensi tano. Anaandika "She has happy", "He is long", "I am boring". Na lawama anabebeshwa yeye!

Tuanze na "sensitive". Orodha zinasema "nyeti", basi. Nyeti ni taarifa, nyeti ni sehemu za mwili. Mtu aliye "sensitive" ni mwepesi wa kuumia moyo, au ni mtu anayejali hisia za wenzake, sentensi ndiyo inayoamua. Na juu yake, kwa ajili ya alfabeti tu, kakaa "sensible", yaani mtu mwenye busara. Maneno mawili yanayofanana sura, maana mbalimbali kabisa, mmeyabandika pamoja bila mfano hata mmoja. Mlitegemea nini?

Halafu "aibu". Kiswahili kinasema "ana aibu" na watu wanaelewana. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Mtu mwenye haya kwa maumbile, asiyependa kusemasema mbele za watu, ni "shy". Aliyejikwaa mbele ya watu na uso ukamshuka ni "embarrassed", na hali hiyo inapita. Aliyefanya baya na dhamiri inamsuta ni "ashamed". Ukimwambia mtu "I'm ashamed" kwa sababu tu umesahau jina lake, umekiri dhambi ambayo hukuitenda. Tatizo ni lilelile kwa "mkali": mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", kisu ni "sharp", pilipili ni "hot". Orodha inaandika "mkali = fierce" na mwanafunzi anamgeuza mwalimu wake mnyama wa porini.

Sasa hisia, ambako uharibifu ni mkubwa zaidi, na kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili chenyewe kina dawa, ila hamuitumii. Mnatumia vipindi vitatu kueleza tofauti ya "surprised" na "surprising". Ya nini? Mwanafunzi tayari anajua kushangaa na kushangaza, kuchoka na kuchosha, kuudhika na kuudhi, kusisimka na kusisimua. Anayeshangaa ni "surprised", kinachoshangaza ni "surprising". Anayechoka ni "tired", kinachochosha ni "tiring". Kwa hiyo "I am boring" maana yake mimi ndiye ninayewaboa watu. Dakika kumi, somo limeisha. Baada ya hapo mwonyeshe maneno yasiyofuata njia hiyo: "scared" mwenzake ni "scary", "stressed" ni "stressful", "impressed" ni "impressive", "offended" ni "offensive".

"She has happy" nayo ina chanzo chake. Sisi tunasema nina furaha, nina hasira, nina huzuni: kitenzi "kuwa na" pamoja na nomino. Kiingereza kinatumia "to be" pamoja na kivumishi. Mwanafunzi anahamisha muundo wa kwao, na hakuna aliyemwonya. Ndiyo maana pia anaandika "He is confidence" na "She is patience": orodha imempa "subira" na "kujiamini" bila kumwambia lipi ni nomino, lipi ni kivumishi. Kisha kuna "-me-". Amekasirika, amechoka, amevaa: kwetu hiyo ni hali ya sasa hivi. Kwa Kiingereza ni "He is angry", "He is tired", "She is wearing a red dress". Lakini tumejaza madaftari ya "She has worn a red dress", na anayesahihisha anapiga mkasi mwekundu bila kueleza kwa nini.

Vihusishi ndiyo msibani kabisa. Orodha inakuletea "angry", "proud", "jealous", "afraid", yametupwa uchi. Mwanafunzi atajuaje kwamba ni "angry with" kwa mtu na "angry about" kwa jambo, "proud of", "jealous of", "afraid of", "worried about", "good at"? Kwake amenikasirikia na anajivunia ni vitenzi vyenye kila kitu ndani, hakuna kihusishi kinachosimama peke yake. Kwa hiyo anabahatisha: "angry to me", "proud for her son". Neno la hisia lisilo na kihusishi chake ni nusu ya neno. Msilitoe!

Na "sana" jamani. Kiswahili kinaipachika popote. Kiingereza kina ngazi: "very angry", "very sad", "very tired", "very scared" ni sawa. Ukifika "furious", "devastated", "exhausted", "terrified", ule ukali wa "very" umeshamo ndani ya neno, unatumia "absolutely". Mwanafunzi mwenye wasiwasi mpe "really", inakwenda na pande zote mbili.

Kwa sura na umbo sirefushi, ingawa makosa ni mengi. "Mrefu" ni "tall" kwa mtu, "long" kwa nywele, "high" kwa ukuta. Mtu akiwa "high" amelewa dawa. Nywele kwetu ni nyingi, "hair" kwao ni kitu kimoja kisichohesabika, kwa hiyo "her hair is black", na ukisema "a hair" umetaja unywele mmoja. Vivumishi vinatangulia nomino na vina foleni yake: urefu au ukubwa, kisha umbo, kisha rangi, "long straight black hair", usipindue. Mtu mweupe kwa maana yetu ya rangi ya ngozi si "white", ni "light-skinned". Na "smart"! Tayari tuna "smati" yetu ya kuvaa vizuri, na Waingereza wanaitumia hivyo pia, lakini kwa Mmarekani "He's smart" kwanza ni mtu mwenye akili.

Lililonitoa uvivu hasa ni uzito wa maneno. "Slim" unasifu, "thin" unaeleza tu, "skinny" mara nyingi unamchoma mtu. Orodha inayaandika yote matatu "mwembamba". "Determined" na "stubborn" ni mtu yuleyule asiyerudi nyuma, mmoja umempenda na mwingine umemchoka. "Curious" ni mdadisi, "nosy" ni anayechungulia mambo ya watu. "Thrifty" anatunza pesa, "stingy" ni bahili. Mtu anaandika barua ya kumpendekeza mwenzake kazini, anamwita "stubborn" akidhani amemsifu kwa msimamo, na kazi inakwenda kwa mwingine.

Kama mnataka kufundisha kweli, kila neno lipewe mistari minne: ni tabia ya kudumu au hali ya sasa; ni sifa, maelezo tu au tusi; linakwenda na kihusishi gani; na sentensi moja nzima. Maneno manane kwa somo yanatosha. Yapange kwa jozi zinazopishana uzito, msiyapange kwa alfabeti. Msioanishe, mwanafunzi amweleze mtu halisi kwa sentensi sita. Na kabla ya yote mfundisheni maswali matatu, maana ndipo wengi wanapoangukia: "What is she like?" unauliza tabia, "What does she look like?" unauliza sura, "How is she?" unauliza hali yake. Kiswahili kinayafunika yote kwa "yukoje", na mtu anaulizwa tabia ya bosi wake, anajibu "She is fine, thank you".

Mwenye orodha ya zamani aifute. Mwenye iliyorekebishwa kwa mistari hiyo minne aiweke hapa tuikague neno kwa neno.