Gari la kukodi, theluji na vilima vya Uskoti mwisho wa Januari: naombeni ushauri

BintiTudor
Asalaam aleikum jamani. Mimi na kaka zangu wawili tunaondoka Mombasa mwisho wa Januari. Ndege inatua Edinburgh Ijumaa saa tisa alasiri. Mpango ni tuchukue gari la kukodi pale pale uwanjani, tuendeshe jioni ile ile hadi Aviemore, kama kilomita 200 kwa barabara ya A9. Jumamosi tupande Meall a' Bhuachaille (mita 810), Jumapili Cairn Gorm (mita 1,245), Jumatatu turudi. Sote watatu tumefika Point Lenana ya Mlima Kenya, kwa hivyo miguu ipo. Theluji barabarani ndiyo hatuijui hata kidogo. Leseni zetu ni za Kenya, gari ni la gia za mkono. Je, tuongeze pesa tupate gari linalovuta magurudumu yote manne? Minyororo ya tairi ni lazima? Na nguo tununue huku au huko?

Fundi_wa_Makupa
Waleikum salaam dada. Pesa hiyo ya magurudumu manne itie kwenye tairi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote litakusaidia kuondoka na kupanda mwinuko. Wakati wa kufunga breki halikusaidii chochote, kwa sababu kila gari duniani tayari lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachoshika barabara ni mpira. Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, unakuwa kama plastiki. Tairi ya baridi imetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake una mikato midogo midogo inayouma theluji.

Uingereza sheria hailazimishi tairi za baridi, kwa hivyo kampuni ya kukodisha inaweza kukupa gari lenye tairi za kiangazi na isiwe imevunja sheria yoyote. Ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa. Mkifika, chuchumaeni mtazame ubavu wa tairi: mnatafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi. Tairi za misimu yote zenye alama hiyo ya mlima zitawatosha kwa A9. Kina cha mikato kisheria ni milimita 1.6, lakini kwenye theluji chini ya milimita 3 ni ya kukataa. Ombeni gari jingine bila haya.

Minyororo si lazima. Barabara kuu hunyunyizwa chumvi na kukwanguliwa, na minyororo kwenye lami tupu hukatika au huharibu tairi. Ukiwa nayo, hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na unaivua theluji ikiisha.

Nahodha_Kilindini
Fundi amesema kweli. Mimi nazungumzia ratiba, maana hapo ndipo pabaya zaidi.

Mkitua saa tisa, mpaka mizigo na makaratasi ya gari ni saa kumi na nusu, na mwisho wa Januari jua huzama huko kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja kasorobo. Maana yake A9 yote mtaiendesha gizani, na Drumochter, pale barabara inapofika takriban mita 460 juu ya bahari, mtapita usiku lami ikiwa inaganda. Pana mageti ya chuma pale. Theluji ikizidi hufungwa na unarudi ulikotoka. Juu ya hayo, A9 kuna vipande vya njia mbili mbili na vipande vya njia moja moja, vinabadilishana, na mgeni aliyechoka na safari ya ndege hajui kipande gani kinaanza lini. Kamera za mwendo wa wastani zimepangwa kuanzia Dunblane hadi Inverness. Vipimo ni maili: 60 ni kama kilomita 96. Kuendesha ni upande wa kushoto kama kwetu, na leseni ya Kenya inakubalika kwa mgeni hadi miezi 12, hilo lisiwasumbue.

Laleni Edinburgh au Perth Ijumaa. Jumamosi ondokeni kumeshapambazuka, baada ya kutazama Traffic Scotland kwa hali ya barabara na Met Office kwa maonyo: manjano, rangi ya chungwa, nyekundu. Rangi ya chungwa ukiiona kwa theluji, safari imeahirishwa. Au pandeni treni, inapita Perth hadi Aviemore, na basi la kutoka Aviemore linafika Glenmore mlima unapoanzia. Kwa watu wasiowahi kugusa theluji hilo ndilo ningelichagua.

MwanaMtwapa
Swali dogo hapo: "barafu nyeusi" ni nini hasa? Inaonekanaje?

Nahodha_Kilindini
Haionekani, ndugu yangu, na ndiyo hatari yake. Ni utando mwembamba wa maji yaliyoganda, unaona lami kupitia ndani yake, utadhani barabara imelowa tu. Tafuta dalili nyingine. Geji ya joto ya nje ikisoma nyuzi 3 au chini, amini kwamba ipo. Kama barabara inang'aa kama imelowa lakini tairi za gari la mbele hazirushi maji, na sauti ya tairi zako imenyamaza ghafla, upo juu yake. Madaraja hutangulia kuganda: chukulia daraja kama la Nyali, upepo unapita juu na chini, ardhi haipo ya kulitia joto. Halafu vivuli vya miti na kuta za mawe, jua haligusi mchana kutwa.

Ukiwa juu ya barafu usikanyage breki, usikate usukani, ondoa mguu kwenye mafuta polepole. Nyuma ikiteleza, geuza usukani kidogo kuelekea upande unaotaka pua ya gari iende, na macho yatazame huko huko, yasitazame mti. Ikibidi breki kwa dharura na gari lina ABS (breki zisizofunga gurudumu likateleza), kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Mguu utatetemeshwa, usiuondoe, ndivyo inavyofanya kazi. Umbali wa kusimama kwenye barafu hufika mara kumi ya ule wa lami kavu. Zile sekunde mbili za kumfuata mtu zinakuwa ishirini.

Fundi_wa_Makupa
Niongeze ya gia. Ondoka kwa gia ya pili, klachi iachie taratibu, ili nguvu isifike kwenye gurudumu kwa kishindo. Mteremko: shuka gia kabla hujaanza kuteremka, si katikati. Kruzi kontroli, ile inayoshika mwendo yenyewe, izime kabisa.

Gurudumu likizunguka bure, acha mara moja. Kila mzunguko unayeyusha theluji kidogo, ile inaganda tena, unajisugulia kioo chini ya tairi. Chimba mbele na nyuma ya magurudumu yanayovuta, tandika mkeka wa sakafuni au mwaga mchanga, kisha mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka gari lipate njia. Hapa unaweza kuzima kidhibiti cha kuteleza kwa dakika hiyo, kwa sababu kitakunyima nguvu unayoihitaji. Ukitoka kiwashe.

Maji ya waipa: chumvi ya barabarani hugeuka tope jeupe kwenye kioo na unayatumia kwa lita. Tia dawa ya waipa ya majira ya baridi, isiyoganda hadi angalau nyuzi 10 chini ya sifuri. Maji matupu yataganda kwenye mirija. Na msimwage maji moto kwenye kioo chenye barafu, kitapasuka. Tumieni kikwangulio. Theluji ya paani nayo iondoeni yote, ukifunga breki itateleza iwafunike kioo cha mbele.

Ukungu ndani ya kioo, sisi watu wa pwani AC tunaijua kwa kupooza tu. Huko washa joto *pamoja na* AC: AC inakausha hewa, kioo kinasafika mara moja.

MamaSalha
BintiTudor mwanangu, nguo. Nenda Kongowea mapema, kwenye mitumba. Sweta za sufu, suruali za polista, fulana za michezo zinazokauka haraka, soksi nene, kofia, glavu jozi mbili kila mtu. Soma lebo iliyoshonwa ndani, ukiona pamba iache, na jinzi ziache. Pamba ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto mwili mzima.

Viatu na vyuma kodini Aviemore. Viatu viwe daraja la B1 (soli ngumu kiasi) kwenda juu, na meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu yawe C1, yaani yanafungwa kwa mikanda. C3, ya kubana kwa vishikio badala ya mikanda, haishiki kwenye kiatu cha B1, inachomoka. Shoka la barafu kila mtu lake. Jaribuni kufunga meno mkiwa chumbani, na glavu mkononi.

Nahodha_Kilindini
Mlima sasa. Lenana msiitumie kupimia. Cairn Gorm ni mfupi kwa mita lakini upo latitudo ya nyuzi 57, na upepo pale umewahi kupimwa kilomita 278 kwa saa, Machi 1986. Uwanda wa juu ukifunikwa na ukungu, theluji na mbingu vinakuwa rangi moja, hujui ukingo wa korongo uko wapi. Jumapili hiyo chukueni mwongozo au siku ya mafunzo ya majira ya baridi pale Glenmore Lodge, mjifunze kujizuia kwa shoka mkiteleza.

Meall a' Bhuachaille mnaweza. Mzunguko wa kupitia Ryvoan ni kilomita 8 hadi 9 na mwinuko wa karibu mita 480. Hesabu ya kawaida ni saa 1 kwa kilomita 5, na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda: inatoka saa mbili na nusu. Kwenye theluji zidisha mara mbili. Anzeni saa tatu asubuhi, na saa sita na nusu popote mlipo mgeuke, mshuke na mwanga. Tochi ya kichwani kila mmoja, ramani ya karatasi na dira, simu ndani ya nguo maana betri hufa kwa baridi. Kabla ya kutoka someni utabiri wa MWIS wa milimani, na wa Scottish Avalanche Information Service (maporomoko ya theluji) eneo la Northern Cairngorms. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, hasa upande ambao upepo umeirundika theluji. Dharura ni 999: omba polisi, kisha uokoaji wa milimani.

BintiTudor
Shukran sana wote. Nimebadilisha: Ijumaa tunakwenda Perth kwa treni tulale huko, gari tunachukua Jumamosi asubuhi tukiona hali ni shwari, mlima Jumapili, Jumatatu mafunzo, na tiketi ya kurudi nimesogeza siku moja. Swali la mwisho: gari litalala nje. Tulifanye nini usiku? Na tukikwama njiani?

Fundi_wa_Makupa
Liegeshe mahali tambarare, tia gia ya kwanza, breki ya mkono usiivute, pedi zikilowa huganda zikashikana. Inua waipa zisigande kwenye kioo. Asubuhi pima upepo wa tairi: hupungua karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto linaloshuka. Ukianza kuwasha, zima taa, redio na feni kwanza, betri ina nguvu ndogo baridini.

Mkikwama, bakini ndani ya gari. Mwanzo kabisa fukueni theluji kwenye bomba la moshi, likiziba sumu inaingia ndani na haina harufu. Injini dakika kumi kila saa, dirisha moja wazi kidole kimoja upande usio na upepo. Ndani ya gari muwe na beleshi fupi, blanketi moja kwa kila mtu, themosi ya chai, biskuti na tende, chaja ya simu, na tangi lisishuke chini ya nusu. Jazeni Pitlochry kabla ya Drumochter.