Uzito umegoma kushuka: tupeane uzoefu wa kuukwamua

Mwanzisha mada
Wadau, wengi huanza vizuri, kilo nne tano zinaondoka, kisha mizani inaganda. Tuweke vipimo, tusiishie kuambiana "punguza wanga". Naanza: hakikisha umekwama kweli. Pima asubuhi ukishatoka msalani, kabla ya kunywa chochote, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu, si zulia. Jumlisha namba za siku saba, gawa kwa saba. Wastani huo ukikaa palepale wiki nne, na futi kamba kiunoni haisogei, umekwama. Vinginevyo huenda ni maji tu: chumvi ya jana, siku za kukaribia hedhi, au mazoezi mapya yaliyochosha misuli.

Jiko la Pwani
Mkuu, anza na mafuta kabla hujagusa kingine. Kijiko kikubwa kimoja ni mililita 15, kalori kama 120. Ukimimina kwa kukadiria kutoka kwenye dumu, vijiko vinne vinaingia sufuriani bila wewe kujua. Piga mstari wa kalamu kwenye chupa Jumatatu, itazame Jumapili. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Watu wanne wakiimaliza kwa wiki, kila mmoja amekula kila siku karibu kalori 290 za mafuta peke yake. Hapo ndipo jasho lote la mazoezi linapopotelea, na inauma.

Kaanga vitunguu kwa kijiko kimoja. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji vijiko viwili, funika. Vitalainika na rangi itakuja. Mchuzi wa nazi upikie tui jepesi, tui zito liingie mwishoni, robo kikombe.

Mdau
Na karanga za kutafuna njiani?

Jiko la Pwani
Zihesabu. Gramu 50 ni kalori 280 hivi.

Kocha
Sababu nyingine ni kwamba mwili umekuwa mdogo. Aliyetoka kilo 95 hadi 85, kalori anazotumia kwa siku zimepungua kwa 200 hivi, kwa hiyo sahani iliyompunguza mwanzo sasa inamshikilia tu. Usijinyime kwa hasira. Kata kalori 150 hivi, subiri wiki tatu. Kwenye ugali, pima unga mkavu, maana ugali ulioiva uzito wake unategemea maji uliyotia. Kutoka gramu 120 za unga hadi 80 inatosha.

Protini usiiguse: gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani kama 100 kwa mtu wa kilo 85. Dagaa wakavu gramu 50 hutoa karibu 30, mayai mawili 12. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kubeba ndoo mbili za maji. Bila hayo, misuli nayo inaondoka pamoja na mafuta.

Nesi
Ukifanya yote haya na bado hakuna kitu, nenda kapime tezi ya shingo, na ubebe orodha ya dawa zako. Insulini, steroidi, baadhi ya dawa za msongo na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu vinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa mwenyewe. Mwombe daktari mbadala. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo bila kupangiwa dozi upya, sukari inaweza kuanguka.